Miaka Minane ya Kufunga Vitu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Najua kustaafu ni jambo la watu wenye mvi na mafaili, lakini kazi yangu ya kufundisha watoto mpira pale Uyole imekwisha, nimehamia Iringa, na sijapata neno lingine la kuiita hali hii. Sikuagwa kwa hotuba. Watoto walinipa kuku, kuku akanitoroka stendi, habari ikaishia hapo.

Jesca na Frank, nyie ndio mmeichukua timu, na mmeniomba niwaandikie namna ya kuiendesha. Kuhusu vyeo nitasema haraka: nilianza kocha, nikamaliza kocha. Kuhusu mshahara nitasema haraka zaidi, maana haukuwepo. Shule yangu iliishia kidato cha nne, tena tuliachana nacho bila kuelewana, kwa hiyo mkikuta sentensi imepotea njia mwionyesheni wenyewe pa kupita.

Nilifika Uyole nikiwa bi harusi wa wiki mbili. Kwetu Iringa, mkwe wa kike akimwona baba mkwe anapiga magoti, anamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwamkia "Kamwene," macho chini, sauti ya upole. Basi siku ya pili mzee akaingia uani anatoka shambani. Nikatupa ufagio, nikamkimbilia, nikapiga magoti miguuni pake kabisa na kumkamata mkono. Kamwene, baba.

Mzee alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Mama mkwe akapiga ukelele jikoni. Shangazi wa mume wangu akanivuta kwa kanga mpaka nyuma ya banda la ng'ombe, akanifunika kichwa, ndipo akaanza kunieleza nimeolewa wapi. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anapisha na kujificha. Haongei naye, hamtazami, na jina lake halitaji. Siku hizi wengi wameshaacha, wanakula naye meza moja na kutumiana meseji. Familia niliyoolewa haikuwa imepata taarifa hiyo.

"Ni jina tu?" nilimuuliza shangazi.

"Na yote yanayofanana nalo," akasema.

Jina la mzee silitaji hata hapa, ingawa kati yetu kuna safari ya kutwa nzima. Jueni tu kwamba katikati yake limekaa lile neno la mpira ukiingia wavuni, linaloanza na herufi g, ambalo watangazaji wa redio hulivuta mpaka pumzi zinawaishia. Hilo ndilo nililokatazwa, mimi ambaye miezi miwili baadaye nilikuwa kocha.

Ukocha wenyewe sikuuomba. Pembeni ya nyumba ya mzee kulikuwa na kipande cha shamba alichokipumzisha baada ya viazi vyake kuugua. Watoto walikuwa wanacheza pale na mpira wa matambara na kamba. Nikawa napita na kuni kichwani, mpira ukaja miguuni kwangu. Shuleni nilicheza netiboli, miguu haikuwa kazi yangu, lakini niliupiga kwa hasira za ugeni wote ule, ukapita katikati ya fito zao mbili. Wakashangilia. Mmoja akaniuliza kama nitakuja na kesho. Palepale, kuni zikiwa bado kichwani, nikauona uwanja wenye paa, taa nne kubwa, na mtoto wa Uyole akiimbiwa wimbo wa taifa. Mimi ndivyo nilivyo. Ukinipa tofali moja naanza kuchagua rangi ya ghorofa.

Ruhusa ya shamba mama mkwe aliniombea. Mzee akajibu kwamba tuache watoto wakanyage magugu. Huo ndio ulikuwa mkataba wetu, na nyie msije mkadai mliona karatasi.

Sasa mtu atauliza, watoto wana nini cha kupoteza? Saa kumi jioni pale Uyole mnaijua. Shule imefunguliwa milango, wazazi wako sokoni au shambani, na malori yanapanda kilima polepole kama yanamkaribisha mtu. Kabla ya timu, mchezo wa saa kumi ulikuwa kudandia malori. Ezekia, winga wetu, lile kovu la kidevu alilipata kwenye tela la mbao, na yeye ndiye aliyekuwa na bahati. Wengine majina yao mnayajua. Kwa hiyo msiniulize kama mpira unasaidia masomo, afya au nidhamu. Inawezekana. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kuwafanya wasiwe barabarani kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, na mpira ndio uliokuwa karibu.

Tatizo lilikuwa lile neno. Nilijaribu kusema bao. Bao likafaa kwa mpira unaoingia, lakini anayekaa mlangoni nimwite nani, baokipa? Na ule mpira unaopigwa na kipa ukitoka nje nao una jina lenye neno lilelile. Hata zile duara ndogo za kioo wanazocheza watoto mchangani sikuweza kuziita. Mwisho nikaamua kila chenye neno lile kiitwe kitu. Fito zikawa vitu viwili. Mpira ukiingia, kitu. Nilikuwa nasimama pembeni ya uwanja, baadaye hata na mtoto mgongoni, napiga kelele, "Ezekia, acha mapambo, piga kitu!" Watoto wakacheka wiki moja, wiki ya pili wakazoea, mwezi wa pili wakawa wanawafundisha wageni. Timu ya Mbalizi ilipokuja mara ya kwanza walituuliza kama sisi ni wachezaji au wauza duka.

Vifaa nitavitaja kwa sababu mtavirithi. Koni ni madumu ya lita tano yaliyokatwa katikati. Kingo zake zipitisheni kwenye moto kidogo, la sivyo zitawachana watoto. Filimbi ina kipande cha njegere ndani mahali pa kile kidude chake kilichopotea, na inalia vizuri ila kwenye mvua inaota. Mpira wa ngozi umeshonwa mara tano na fundi viatu wa stendi, upande mmoja ni mzito, kwa hiyo unapinda kulia. Wageni hudhani watoto wetu wana ufundi. Msiwasahihishe. Na mwezi wa sita na wa saba waacheni wacheze na masweta yao, baridi ya kule haina heshima kwa mwanamichezo. Ila msirudie kosa langu la kuwapeleka na masweta hayohayo Chimala, kwenye joto la mashamba ya mpunga. Tulifungwa vitu saba, na nilimaliza mechi nikiwa nimebeba nguo kama mwuza mitumba.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Kihwele, mwalimu wangu wa netiboli shule ya msingi Iringa. Nilikwenda nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, akaja kuniona, akakalia kigoda na kuniuliza habari za timu badala ya habari za mtoto. Nikajisifu kwamba siku ya kwanza walikuja thelathini na sasa ninao kumi na moja wakali sana. Akaniangalia kwa huruma kama nimemwambia nimeunguza nyumba.

"Hao kumi na moja wangecheza hata ungekuwa umekufa," akasema. "Wewe ni kocha wa wale kumi na tisa."

Halafu akanipa dawa yake, na hii ndiyo nawaomba muishike. Kila jioni, mtoto aliyecheza vibaya kuliko wote mpe kitu cha timu aende nacho nyumbani. Mpira, filimbi, koni, chochote. Usimwambie sababu. Mwambie tu akirudishe kesho saa kumi. Mtoto aliyefanya vizuri atarudi mwenyewe, ana sifa za kufuata. Aliyeharibu anatafuta sababu ya kutokuja, sasa wewe mnyime hiyo sababu. Nilirudi Uyole nikaanza, na madumu yangu yakawa yanalala nyumba tofauti kila siku. Mama mmoja alilitumia dumu letu kuchotea maji ya nguruwe. Lakini watoto walirudi.

Hivyo ndivyo nilivyompata Sekela. Alikuwa na miaka kumi, na alikuwa mkimya kupita kiasi. Hakuna kilichompata, hakuwa bubu, alikuwa tu mtoto aliyeamua kwamba maneno ni ya watu wengine. Darasani mwalimu alishaacha kumwuliza. Alikuja uwanjani amemfuata Ezekia, binamu yake, nikamweka mlangoni kwa sababu ndipo mahali pasipohitaji kukimbia. Siku ya kwanza aliruhusu vitu tisa. Jioni nikampa glavu za kipa, yaani soksi mbili za shule zilizoshonewa kitambaa cha sweta kuukuu. Akarudi kesho kuzirudisha. Akaruhusu saba. Nikampa tena. Mwezi mzima sidhani alikuja kwa ajili ya mpira, alikuja kurudisha soksi.

Lakini kipa hawezi kukaa kimya. Mabeki wana migongo, hawaoni, anayeona ni yeye. Nikamfundisha maneno matatu tu: kushoto, kulia, toka. Mwanzo aliyasema kama anayeomba chumvi kwa jirani. Mabeki hawakusikia, tukafungwa, Ezekia akamtania kwamba anadaka kwa maombi ya kimyakimya. Nadhani ndilo lililomwuma. Mwaka wa pili sauti ikatoka, na ilipotoka ilikuwa na vumbi la miaka yote aliyoihifadhi. Watu waliokuwa wanapita njiani walikuwa wanakwenda kushoto bila kuuliza, ingawa nje ya uwanja alibaki na ukimya wake.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Ilikuwa mwaka wa tano, mwezi wa kumi, mvua zinakaribia. Mzee alikuwa amepata mbegu mpya za viazi, zile zisizougua, magunia yamejaa stoo na zimeanza kuchipua. Mama mkwe akaniambia wakati tunamenya ndizi kwamba lile shamba linalimwa msimu huu. Nikaendelea kumenya. Nilimenya mpaka nikamenya maganda.

Nilikuwa na watoto arobaini na mbili kwenye daftari, na pale Uyole hakuna kipande kingine cha tambarare ambacho hakina viazi, nyumba au lori. Nikamwomba mume wangu aongee na baba yake. Akaongea, akarudi na jibu kwamba shamba ni la kulima. Nikamwomba mama mkwe. Akasema ameshaomba mara moja miaka mitano iliyopita, na kwa mzee huyu mtu ana ombi moja. Mwenye la kusema nilikuwa mimi, na mimi ndiye mtu pekee Uyole nzima asiyeruhusiwa kumwambia neno. Nilikuwa nalala naandaa hotuba. Nilizipanga vizuri sana, zikawa zinaishia kwenye mto.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na Mbalizi, nyumbani. Kitu kimoja kwa kimoja, dakika zimebaki chache, wao wana kona. Hapo ndipo nikamwona mzee anakuja na kamba ya kupimia, nyuma yake jirani na nyundo na vigingi. Hakuja kutazama mpira. Alikuja kupima matuta.

Nikafanya kile ambacho mkwe anatakiwa kufanya. Barabarani palikuwa na magunia ya viazi yanasubiri lori, yale yaliyojazwa mpaka yakaota kichwa, lumbesa. Nikajitupa nyuma yake na filimbi yangu. Timu ikabaki haina kocha. Kupitia upenyo wa magunia nikamwona mzee anapigilia kigingi kando ya mlango wetu, anafunga kamba, anaanza kurudi kinyumenyume akiivuta. Akasimama mbele kabisa ya Sekela.

"Babu, toka hapo," Sekela akasema. "Unaniziba."

Jirani mwenye nyundo aliishusha. Mzee alikuwa hajaambiwa toka na mtu yeyote tangu wazazi wake walipozikwa.

"Babu! Kushoto! Kushoto!"

Na mzee akaenda kushoto. Hakufikiria, alikwenda tu, kama beki. Kona ikapigwa, Sekela akaruka, akaudaka, akaanguka nao juu ya ile kamba na kigingi kikang'oka. Akasimama, akaangalia, akautupa mbele kwa Ezekia. Ezekia kwa mara ya kwanza maishani mwake aliacha mapambo. Watoto arobaini na mbili wakapiga ukelele mmoja: Kituuu!

Mzee akamwita Sekela. Niliyasikia yote, magunia yale hayako mbali.

"Kitu gani?"

"Tumefunga, babu."

"Kwa nini hamsemi kama linavyosemwa?"

Sekela akafuta pua kwa glavu. "Kocha hawezi kulisema. Ni jina lako. Na sisi tumeacha, asiwe peke yake."

Sikuwa najua. Miaka mitano nilidhani wameiga kwa mazoea. Kumbe walikuwa wameshakubaliana wenyewe, kwamba nyumbani na shuleni waliseme, ila uwanjani hapana. Nililia nyuma ya viazi vya watu, na dereva wa lori alipofika alinikuta na akaniuliza kama nimeibiwa.

"Kocha mwenyewe yuko wapi?" mzee akauliza.

"Amejificha kwenye lumbesa," Sekela akasema. "Si umekuja wewe."

Mzee akakunja kamba yake taratibu. Vigingi akaviacha. Akaondoka.

Siku tatu vile vigingi vilisimama pale na hakuna aliyethubutu kuvigusa. Tulifanya mazoezi tukivizunguka kama koni. Siku ya nne, mama mkwe akanikuta nafua, akakaa juu ya ndoo, akanipa habari kwa raha zake. Alisema mzee alikuwa hapati usingizi. Yule mtoto huja kwake kuchukua maziwa kila asubuhi, huu mwaka wa ngapi, na siku zote akimsalimia hujibiwa kwa kope. Mzee alikuwa ameshamhesabu kuwa na upungufu. Akamwuliza mkewe ni nani amemtoa yule mtoto sauti.

"Nikamwambia, ni huyo unayemkimbia," mama mkwe akasema.

"Akasemaje?"

"Akasema hamkimbii yeye, ni wewe unayemkimbia. Tukabishana hapo mpaka chai ikapoa. Halafu akasema mbegu zitakwenda bondeni kwa mjomba wenu. Ila ana sharti. Anasema shamba lisilolimwa na lisilo na kelele ni uvivu. Akisikia kimya siku tatu mfululizo, analima."

Asubuhi yake vigingi havikuwepo. Mzee mwenyewe niliendelea kutokutana naye, mkitarajia tulipeana mikono mmekosea. Mila ni mila. Lakini jioni ile alitoa kigoda chake, akakiweka ukingoni mwa uwanja, akakigeuza kuelekea banda la ng'ombe na kukalia hivyo, mgongo kwetu, ili mimi niweze kusimama kwenye mstari wangu bila kujificha. Miaka mitatu mzee amesikiliza mechi zetu kama redio. Tukifungwa anatikisa kichwa kwa ng'ombe.

Mume wangu amepata karakana Iringa, watoto wetu wawili wameanza shule hapa, na mimi nimestaafu. Sekela ana miaka kumi na sita. Mwalimu wake wa darasa ameniletea salamu kwamba anaongea mno, na nimezipokea kama cheti. Atawasaidia na makipa wadogo, lakini msikae mbele yake. Ndoto ya uwanja wenye paa bado ninayo, nimehama nayo, ila nawaachia nakala.

Jesca, wewe si mkwe wa nyumba ile, unaweza kumwamkia mzee na kumwita jina lake lote. Frank, vilevile. Kuna siku itanyesha, kuna siku watakuja watoto wanne, kuna siku wewe mwenyewe utakuwa na malaria na mpira utakuwa kwa fundi. Waingizeni uwanjani hao hao wanne. Wapige makofi, waimbe, wagombane, chochote. Nimeuliza juzi kwa simu, mama mkwe amenithibitishia: kila msimu mzee anapanda kule bondeni, na kila msimu anabakiza gunia moja la mbegu stoo. Mkisahau yote niliyoandika, msisahau hilo gunia, na kwamba masikio yake bado ni mazima.